Swichi Tatu za Mtumba

Jumamosi, 3 Mei

Mtihani ni tarehe sita Juni. Siku thelathini na nne. Nikifaulu, hospitali inaniajiri moja kwa moja kitengo cha kompyuta. Nikianguka, mkataba wangu wa kupokea simu za "kompyuta yangu haiwaki" unakwisha mwezi huohuo. Nina miaka hamsini na moja. Hakuna gazeti lililobaki la kunilipa niwaseme watu kwa ufasaha. Miaka kumi na tisa ya safu ya kila wiki, na sasa nawauliza manesi kama wamechomeka waya.

Leo Kimya kaongea. Ndiye fundi wa mtandao, anayenifundisha. Tunamwita hivyo kwa sababu mpaka atamke neno chai imepoa. Kasema nisinunue kitu. Ipo programu ya bure ya kuigiza mtandao, naiweka kwenye laptopu, mazoezi yote yamo humo. Nikamuuliza nani alijifunza kuogelea kwa kutazama picha ya mto. Akafikiri. Akasema wapo, na mtihani wa kuogelea walifaulu.

Ana akili, huyu. Lakini sikubali. Nataka chuma. Nataka kitu nikikikosea kinizimikie usoni.

Jumapili, 4 Mei

Tangu asubuhi nasoma mabaraza ya mtandaoni. Swichi gani za kuunganishia kompyuta, ruta gani za kuunganishia mitandao, za mwaka gani. Mmoja anasema swichi tatu na ruta mbili zinatosha. Mwingine anasema bila kabati zima unajidanganya. Wa tatu anasema kila kilichotengenezwa zaidi ya miaka mitano nyuma ni chuma chakavu, na anayekinunua ni maskini wa akili. Watu wazima wanavuana nguo kwa sababu ya visanduku vyenye matundu. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Huyo wa tatu nimemjibu kwa aya nane. Sijui lolote bado, lakini aya zilikuwa nzuri.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Waya. Anauza vifaa vya mtumba vya ofisi zilizofungwa, chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya maduka ya fotokopi. Swichi zimepangwa ukutani kama matofali. Harufu ya vumbi lililochomwa na umeme.

Nikaona moja. Matundu arobaini na nane, feni nne mgongoni, uzito wa mtoto wa miaka miwili. Hii ndiyo kazi, nikasema moyoni. Mzee Waya akasema, "Mama, hiyo huwa inakaa chumba chake peke yake." Nikadhani ananiona mwanamke wa kununua waya wa pasi. Nikampa hotuba kuhusu mafundi wanaodhani akili imeumbwa na ndevu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanifungia mzigo kwa kamba. "Ukirudi, njoo kabla ya saa tisa. Baadaye huwa sipo."

Ukirudi! Mtu mzima namna ile, na kiburi namna ile.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeiwasha. Mdogo wangu, ninayekaa naye, anashona nguo sebuleni, na alikuwa anampima mteja kiuno. Feni zote nne zikaamka pamoja. Mteja akaruka na utepe wa kupimia ukiwa bado umemzunguka.

Mdogo wangu alingoja dakika tano, labda zingetulia. Hazikutulia. Akapaza sauti: "Dada, hii ndege inaondoka saa ngapi? Nina abiria anataka gauni lake Jumamosi."

Nikasema ni suala la kuzoea. Akasema hata talaka ni suala la kuzoea.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi. Saa nane na nusu.

Mzee Waya hakucheka. Ningefurahi angecheka, ningepata la kujibu. Alipokea lile dubwana na kuniwekea mezani swichi tatu ndogo za matundu ishirini na manne, kuukuu, zisizo na makelele, na ruta mbili za rika hilohilo. Zote kwa bei ya ile moja. Akanifundisha kununua: usilipie kisichoamka mbele ya macho yako. Ngoja taa ziwe kijani. Soma toleo la programu iliyomo, likiwa la zamani mno nusu ya mtihani huwezi kuifanya. Na usitoke dukani bila ile kebo bapa ya kuingilia ndani ya swichi kutoka kwenye laptopu, maana bila hiyo umenunua kiti.

Moja ilikuwa na nenosiri la ofisi iliyokuwa nayo. Akanionyesha kitufe cha mbele: kishike, chomeka umeme, hesabu polepole. Ikafunguka. Akafuta yote bila kusoma mstari hata mmoja. "Mimi siuzi siri za watu, mama. Nauza vyuma."

Nimeandika makala mia tisa na ushei. Sidhani kama kuna mstari wenye adabu kama ule.

Jumapili, 18 Mei

Maabara yangu iko juu ya meza ya kupigia pasi. Mdogo wangu anapiga pasi kitandani na kuninung'unikia kwa upendo.

Siku kumi sasa. Kila jioni nikitoka kazini, saa mbili nzima. Ninachokipenda zaidi ni kugawa vyumba: swichi moja, unaikata kwa maneno tu. Wodi chumba chao, maabara chumba chao, mishahara chumba chao, na wa chumba hiki hasikii ya chumba kile. Unaandika chumba kwenye swichi moja, zile nyingine zinakinakili zenyewe, mradi zote ziko kundi moja lenye jina moja. Nimelipatia kundi langu jina lilelile la hospitali, na neno la siri lilelile, ili vidole vizoee ukweli. Najenga, nabomoa, najenga. Leo peke yake nimebomoa mara thelathini.

Kimya kaja kuona. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, akasoma kazi yangu yote, akanionyesha mstari mmoja uliopinda. Mdogo wangu akamlazimisha kula. Wakati wa kula akasema jambo ambalo kazini halijui mtu: mtihani huu alianguka mara mbili. Mara ya pili mkewe alikuwa amejifungua mapacha wiki ileile. Akasema pia kwamba mwezi wa pili mtandao ulipozima, Mkuu wa kitengo alimpa barua ya onyo. Ikitokea tena, barua inayofuata si ya onyo.

Mdogo wangu akamuuliza kama kosa lilikuwa lake. Akasema umeme ulikatika.

Nilitaka kumwandikia Mkuu palepale. Kimya akaniomba nisiandike.

Jumanne, 27 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi swichi ya ghorofa ya pili, wodi ya watoto, imekufa. Mpya inaombwa kwa fomu. Fomu inachukua wiki tatu. Hivi ndivyo tunavyotawaliwa: mtoto anasubiri majibu ya damu, na karatasi inasubiri sahihi ya mtu aliye semina.

Nikasema ninayo. Nikakodi gari, nikaifuata nyumbani, nikarudi nayo kwapani. Kimya akauliza, "Umeifuta, dada?" Nikasema nimeifuta. Na nilikuwa nimeifuta, jana yake, ili nianze zoezi upya. Akanitazama kidogo. Kwa kawaida anakagua mwenyewe kila kitu, hata waya nilioukata mimi. Leo hakukagua. Akasaini kitabu cha vifaa, akachomeka.

Taa zikaja kijani. Nesi akapiga makofi.

Hazikupita dakika mbili. Simu zote za mezani kwangu zikalia. Mapokezi. Duka la dawa. Maabara. Mishahara. Wodi ya wazazi. Jengo zima halina mtandao.

Jumatano, 28 Mei

Mtandao ulizima kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Nimemuuliza msimamizi wa wauguzi ana kwa ana: hakuna aliyekufa, hakuna aliyepewa dawa isiyo yake. Walipanda na kushuka ngazi na majibu kwenye vikaratasi. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alisubiri hadi adhuhuri. Niliketi karibu naye dakika chache. Sikumwambia mimi ni nani.

Kimya aliurudisha mtandao kwa mkono. Vyumba vyote alivijua kwa kichwa, namba na majina, akaviandika kimoja kimoja amesimama.

Jioni nimeziwasha mbili zilizobaki hapa mezani. Nimelielewa. Swichi za kundi moja hulinganisha namba. Kila ukijenga au ukibomoa chumba, namba inapanda moja. Yenye namba kubwa ndiyo inayoaminiwa, nyingine zote zinatupa orodha zao za vyumba na kunakili ya kwake. Ya hospitali ilikuwa thelathini na nane. Wenye akili hawagusi vitu kila siku. Ya kwangu, baada ya siku kumi na tisa za bidii, mia nne na sita, na orodha yake haina vyumba vya hospitali. Na ile namba, pamoja na jina la kundi na orodha, haikai pale nilipofuta. Inakaa faili jingine, pembeni. Kitabu changu cha kusomea mtihani kinalitaja, ukurasa wa mia mbili na kumi. Nimeupigia mstari ukurasa huo mwenyewe.

Jengo zima lilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyesema mara nyingi zaidi. Nilimweleza mdogo wangu. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Basi si umeme."

Si umeme.

Alhamisi, 29 Mei

Benchi la nje ya ofisi ya Mkuu. Saa nne na robo. Kimya ameitwa ndani saa nne.

Nilimwahi kwenye korido. Anajua. Alijua juzi ileile, alipoiona namba. Kasema, "Una mtihani wiki ijayo, dada mkubwa. Sahihi kitabuni ni yangu, na kukagua ilikuwa kazi yangu. Mimi nitapata kazi popote." Uongo huo kautunga mtu asiyezoea kusema uongo. Mapacha wana miaka mitatu.

Nimewaza njia zote. Sitajifanya sikuwaza. Nikinyamaza, napata cheti, napata kazi, pengine napata kiti chake. Nikisema, mkataba wangu hauna hata ulinzi wa wiki moja, na mtihani unalipiwa na hospitali. Asubuhi mdogo wangu kaniuliza, bila ukali wowote, ni waziri gani yule niliyemwandama wiki sita ajiuzulu. Nikamtajia. Akauliza alikuwa amefanya nini hasa. Alikuwa amemwachia karani wake abebe lawama.

Nimeandika maelezo yangu mara tatu. Ya kwanza kurasa nne: fomu za wiki tatu, mikataba ya vibarua, Mkuu anayetoa onyo kwa sababu ya umeme. Kila neno la kweli, na mimi natokea ukurasa wa tatu. Nimeichana. Ya pili ukurasa mmoja, na ndani yake bado kulikuwa na "hata hivyo" mbili. Nimeichana. Hii iliyo mkononi ni mistari minne. Swichi ni yangu. Niliileta mimi. Nilisema nimeifuta, sikuwa nimeifuta yote. Fundi aliniamini.

Nimejaribu kumpa katibu aiingize ndani. Kasema kikao hiki hakinihusu, niache barua kwenye trei ataipeleka mchana. Nimemwambia mchana ni kuchelewa. Kasema, "Mama, kaa."

Nimekaa. Mlango haukufungwa vizuri. Sauti ya Mkuu: hii swichi ya mtumba imetoka wapi? Kimya anasema aliinunua mwenyewe. Mkuu anauliza kwa nani. Kimya anasema dukani. Duka gani? Anasema, dukani tu, mjini.

Hajui. Hajawahi kufika kwa Mzee Waya. Mkuu anauliza tena, taratibu, kama anayemsogezea mtu kamba, na katibu amesimama kati yangu na mlango, mikono kiunoni, nami nimeinuka, ni mfupi kuliko nilivyodhani