Sikio la Edilberto

Jumapili, 3 Desemba

Meza yangu ya kupigia santuri imefutwa! Miaka kumi na tisa mimi na marehemu mume wangu Evelio tumepiga santuri kwenye maonyesho ya Feria, sikukuu ya jiji letu ya kila Desemba, Cali nzima inajua. Leo Edilberto, mwenyekiti wa kamati, kaniambia mbele ya kikao kizima: santuri zenu zilikwenda na mafuriko, bibie, sasa unakuja kutupigia nini, simu? Kapige saluni. Watu wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Nimelia hadi kichwa kinauma. Basi. Atanitambua.

Jumanne, 12 Desemba

Edilberto kaingia mtegoni mwenyewe. Alikuwa anajigamba kwamba muziki wa mtandaoni hauna damu, sikio lake halidanganyiki. Nikamwambia, wanakamati wote wakisikia: tuweke pazia. Nitapiga kitu nyuma yake, wewe useme ni santuri au simu. Kajibu, hata unitie pamba masikioni, bibie.

Itakuwa simu. Nataka aumbuke mchana kweupe.

Jumamosi, 23 Desemba

Nusura niharibu. Nimepakua ile pachanga ya Evelio, wimbo wa dansi aliokuwa akiupiga kila mwaka, ubora wa juu kabisa, nikampigia jirani yangu Zoraida. Kaweka chini glasi yake ya juisi ya lulada. Shoga, hawa mbona wanapiga kama wameshiba?

Kumbe! Mtandaoni iko kwa mwendo wa studio. Sisi hapa santuri ya mizunguko thelathini na tatu kwa dakika tunaizungusha arobaini na tano tangu enzi za mama zetu, miguu yetu haijui mwendo mwingine. Edilberto angenidaka kabla tarumbeta haijaingia.

Nimeiharakisha kwa kompyuta, nikairudisha kwenye simu. Sasa ni yenyewe. Nimeisikiliza mara sita. Mara ya nne nilisahau kama namchukia Edilberto. Mara ya tano nikakumbuka.

Alhamisi, 28 Desemba

Naandika chooni, nimejifungia. Nje watu hawapungui mia mbili.

Edilberto alikaa mbele ya pazia, kafumba macho. Wimbo ukaisha, hakuinuka. Akaomba kipaza sauti. Hii ni santuri, kasema, tena ya Evelio, naijua, kumbe moja ilipona! Akalia — yule! Halafu: nisamehe, Nubia, nilikukosea, meza ni yako. Makofi. Na mimi machozi yakanitoka, nikasema nakwenda msalani.

Meza nimeipata. Nikae kimya, niondoke nayo?

Lakini hakuniomba msamaha mimi. Kaiomba santuri ambayo haipo. Angejua ni simu, ningekuwa bado wa saluni. Hasira imenirudi mbichi, na sijui kwa nini bado namwonea huruma kidogo.

Zoraida anagonga. Toka, shoga, Edilberto anataka kuibusu hiyo santuri, keshashika pindo la pazia, nimzuie?

Nimemwambia Zoraida asubiri, nanawa mikono. Amzuie au asimzuie, sijasema. Nanawa taratibu.