Marehemu Aliyekwenda Kudai Bima Yake

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Kahawa mtaani Kanyenye na wenzangu, kama kawaida. Nikawapa hadithi ile ya babu kubeba pembe mbili za ndovu mpaka Bagamoyo, moja kila bega, simba akimfuata nyuma kwa adabu. Hawakuamini. Shauri yao.
Tangu arobaini ya kaka Mrisho, mimi ndiye Mrisho. Wazee walinirithisha upinde wake na jina lake, kwa mila yetu, mbele ya ukoo mzima. Jina zito. Limenikaa. Mjane wake, shemeji Nyamizi, akasema kwa sauti: "Jina chukua, shemeji. Kitanda usikisogelee." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 5 Agosti
Nimemsindikiza shemeji ofisi ya bima. Kaka alikuwa mfanyakazi wa reli, alikatwa mshahara miaka mingi kwa bima ya maisha. Shemeji anataka kuezeka nyumba yao ya Chemchem. Kuta zipo, paa hakuna, na nyumba ya reli lazima aihame kabla ya mvua.
Karani, kijana wa suruali ya bugaluu, akauliza mimi nani. Nikasimama wima kama mkuu wa mkoa. "Mrisho mwenyewe!" Akaandika. Shemeji akanikanyaga mguu. Nilichelewa kuelewa.

Ijumaa, 20 Agosti
Bima wamekataa kulipa. Ati mwenye bima alifika ofisini kwa miguu yake, mzima, anajisifu. Cheti cha kifo wanasema cha kughushi. Nikamweleza karani mila yetu. Mtu wa pwani yule, mila za bara hazijui.
"Ndugu, aliyekufa nani?"
"Mrisho."
"Na wewe?"
"Mrisho."
Akafunga dirisha.

Jumatano, 15 Septemba
Shemeji amefungua kesi. Hasemi nami. Kahawani nimetangaza nitamgaragaza wakili wa bima kwa Kiingereza. Nilifika darasa la nne, la nne la zamani lile. Ukweli, naogopa. Shemeji ameanza kufunga vyombo na hana pa kuvipeleka.

Jumanne, 12 Oktoba
Mahakamani. Wazee wa ukoo mbele kabisa. Kulikana jina la marehemu machoni pao ni aibu kubwa. Wakili akauliza, "Wewe ni Mrisho?" Nikaanzia Bagamoyo. Hakimu akanikatiza.
Shemeji akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, mume wangu alikuwa mkimya. Huyu toka asubuhi hajafunga mdomo. Ndiye Mrisho huyu?"
Kicheko, hata wakili. Shemeji peke yake hakucheka. Alinitazama mimi.
Nikasema: "Mimi ni Masudi. Mrisho amekufa. Nilimwosha mwenyewe."
Sikuongeza neno. Bima wameamriwa walipe.

Ijumaa, 15 Oktoba
Wazee wameuchukua upinde, na jina nalo. Wamenuna. Shemeji ameshapata fundi wa paa.
Jioni Itetemia, kwa mama. Macho yake hayaoni tena, na habari za kesi hakuna aliyemwambia. Akasikia mtu mlangoni.
"Mrisho?"
Nikatazama nyuma, nisije nikawa nimefuatwa na karani.
"Naam, mama."
Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi.