Shangazi Hanyanyuki Mkekani

Jumatatu, 8 Agosti

Choo: mara tisa. Nesi aliniambia niandike hesabu ya choo tu kwenye daftari hili. Miaka kumi na miwili sasa, na hesabu imegeuka umbea wangu na nafsi yangu. Nani mwingine nitapiga naye umbea wa namna hii?

Kaka Gabanakgosi kapiga simu kutoka Kanye. Jumamosi ya tarehe ishirini wakwe wanakuja kumwomba rasmi binti yake, Boitshepo. Shangazi ni mimi peke yangu, kwa hiyo ni mimi wa kukaa naye mkekani na kumfunda mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Blanketi mabegani, miguu imenyooshwa, asubuhi nzima. Nikasema ndiyo upesi, kabla akili haijafika. Ndiyo! Wakati kwa ukoo wetu, shangazi akinyanyuka mkekani kabla mafunzo hayajaisha, amesema ndoa haitaki.

Jumatano, 10 Agosti

Mara kumi na moja. Homa. Tumbo linakata. Najua ni nini — mfuko umevimba tena. Walipouondoa utumbo mpana walinishonea mfuko ndani, kwa utumbo mwembamba, wakasema nitaishi kama watu. Naishi. Ila nikiingia nyumba ya mtu natafuta kwanza mlango wa choo, salamu baadaye.

Nesi kanipa antibayotiki za wiki mbili. Nikamweleza habari ya mkeka. Akacheka, akaona sicheki. Waambie tu, mama, anasema. Waambie! Yeye hajaolewa, wakwe atawajulia wapi.

Jumamosi, 13 Agosti

Mara nane. Wifi yangu, mama yake Boitshepo, kaja kunipima vazi la bluu la siku ya mkeka. Kaleta na sahani ya maharage na mahindi. Sikugusa. Kanuna.

"Wifi, chakula chetu kina sumu? Kila sherehe unakuja vyombo vimeshaoshwa. Hata mtoto anasema shangazi ana maringo."

Maringo! Boitshepo niliyekaa naye miaka mitano ya sekondari! Kila asubuhi alikuwa anagonga mlango wa bafu, "Shangazi, nachelewa shule!" Nami namjibu kutoka ndani, ngoja, nasuka nywele. Imeniuma mpaka sasa hivi. Nikamwambia wifi nina vidonda vya tumbo. Nimechoka na vidonda vya tumbo, ugonjwa nisiokuwa nao.

Alhamisi, 18 Agosti

Mara saba. Dawa inafanya kazi. Nimejaribu mkeka hapa sebuleni, saa ya ukutani mbele yangu. Saa moja na dakika arobaini! Ukimwacha nesi, mume wangu ndiye pekee anayejua ugonjwa wangu. Kasimama mlangoni, anasema nimwambie mtoto yaishe, mficha uchi hazai. Nikamwambia azae yeye. Tukacheka mpaka nikakimbilia chooni.

Ijumaa, 19 Agosti

Mara sita. Wali mkavu, ndizi moja, basi. Nimechoka hata sijaondoka.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika chooni. Choo cha uani kwa kaka, mlango wa bati. Nisipoandika nitalia.

Wakwe waliingia alfajiri, baridi kali. Nilikaa. Wanawake ishirini kimya, Boitshepo kainamisha kichwa chini ya blanketi. Saa nzima — nilikaa! Saa moja na nusu. Wenzangu wakamaliza kusema, ikawa zamu yangu. Nikaanza, "Mwanangu, ukiumwa usijifiche, mwambie—"

Mfuko ukanikatiza. Nikanyanyuka. Nimenyanyuka! Nikakimbia na blanketi langu, nyuma sikutazama.

Sauti zinafika huku. Mama mkubwa wa bwana harusi anauliza, kwa adabu zote, kwa hiyo upande huu umekataa? Wifi analia. Anasema nimewadharau tangu zamani, leo nimemaliza kazi. Mtu anasema wakunje mablanketi. Na mimi siwezi kutoka — mfuko bado haujamaliza. Nimeivunja ndoa ya mtoto wangu nikiwa nimechuchumaa.

Hatua mchangani. Mtu kagonga.

"Shangazi?"

Bibi harusi! Naye kanyanyuka! Sijapata kuona.

"Wanaondoka, shangazi. Umemwona ana kasoro gani? Niambie mimi."

Nikasema hana kasoro, ngoja kidogo.

"Nimengoja kwenye mlango wako miaka mitano, unaniambia unasuka nywele." Kagonga tena. "Na hukuwahi kutoka umesuka."

Alikuwa anajua. Si ugonjwa — ila uongo aliujua, miaka yote, akanyamaza. Mtoto kanitunzia heshima, mimi nikadhani nimejificha.

Nimeshanawa. Chini ya mlango naona viatu vingine nyuma ya vyake, vya wifi, na vya wakwe. Wengi.

Nimemwambia, "Boitshepo, simama hapo hapo. Hao walio nyuma yako usiwafukuze, nao wasikie."

Nafungua.