Nilisaini Kwamba Maji Yanatoka

Mama Eveline, shikamoo. Nishauri kabla ya Ijumaa. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia mradi wa maji wa wafadhili hapa kijijini kwetu Kilolo, na mwenyekiti wetu ni Mzee Sosthenes, baba mdogo wa mume wangu Jailos. Mabomba yamelazwa, tangi limejengwa, ila pampu haijaja hadi leo, tukiuliza tunaambiwa iko njiani. Basi mwezi uliopita tukaambiwa wiki mbili kabla kwamba wakaguzi wanakuja, mmoja wa serikali na mama mmoja Mzungu wa wafadhili, na asubuhi ya siku hiyo likaja boza kutoka mjini likajaza tangi, wageni wakafungua koki, maji hayo! Kwaya ikaimba, yule mama akanawa uso, wakapiga picha, wakala kuku, na mimi nikasaini fomu kwamba maji yanatoka kila siku, maana Mzee Sosthenes alininong'oneza, "Saini mkwe, tusiaibishe kijiji." Gari lao halijafika barabara kuu, koki ikakauka. Mama mkwe wangu Esta, ndoo yake haijafika nusu, akaniuliza mbele za watu, "Mkwe, na hii nayo umeiandika?" Akarudi kuchota mtoni, na wiki jana aliteleza akavunjika mkono. Sasa eti kamati yetu ni mfano wa mkoa, Ijumaa nikasome taarifa Iringa mjini mbele ya kamati za vijiji vingine. Jailos anasema nikisema ukweli nimemmaliza baba yake mdogo, na kwamba wakaguzi wenyewe wanajua. Nifanyeje?

Mama Blessing, Kilolo

Kamwene, Mama Blessing. Mpe mama mkwe pole zangu. Wewe nakugombeza kwanza: kijiji kilikuchagua uangalie, ukafumba macho. Usiniambie ulinong'onezwa; kalamu ulishika wewe.

Na hao wakaguzi nao! Mtu anapiga simu wiki mbili kabla, anakula kuku wa anaowakagua, haulizi hata pampu iko wapi? Huyo amekuja kutembea. Jailos ana haki ya kutowaamini. Anapokosea ni kudhani kwamba basi na wewe unyamaze.

Leo hii nenda kwa Mzee Sosthenes, uongozane na wajumbe wawili. Mwambie kwa heshima taarifa ile huisomi, umpe nafasi aseme mwenyewe. Akikataa, andika barua fupi: pampu haipo, maji yaliletwa na boza, na sahihi yako ilikuwa ya uongo. Hilo la sahihi lianze, usijifiche nyuma ya mzee. Nakala moja kwa wafadhili, moja wilayani, moja ubao wa matangazo wa kijiji, maana za ofisini hupotea. Na waombe wakaguzi warudi bila kutangaza siku.

Nyongeza: jibu hili nilimtumia kwanza kwa simu, na tukiwa tunaandaa ukurasa huu Mama Blessing amenipigia. Mzee alifoka, akatoka nje, akarudi akasema, "Basi nitasoma mimi." Ijumaa akasoma ukweli wote. Mara akasimama Adrian, katibu wa kijiji kingine, akasema vitanda vya zahanati yao viliazimwa siku ya ukaguzi. Kufika chakula cha mchana walikuwa wamesimama saba kukiri ya kwao.