Mstari wa Tangi la Tano

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Baiskeli imepata pancha, nimefika kazini nimelowa chapachapa. Wiki ya mwisho ya kuhamishia data za matangi kwenye programu mpya. Faili zimetapakaa! Kila fundi aliziita alivyojisikia: "mpya", "mpya kabisa", "mwisho", "mwisho kweli". Nazipanga moja moja — tangi gani, joto, oksijeni, chachu inayotutengenezea dawa ililishwa nini, nani alikuwa zamu. Annelise, mkuu wetu, amepita kunikumbusha kwamba dawa ya tangi la tano inaondoka Ijumaa kwenda hospitali ya watoto. Nitie sahihi kwamba data zake ziko sawa. Nikasema haina shida. Kazi hii naipenda, wacha wanicheke.

Jumanne, 5 Novemba

Programu mpya inaweza kulaza grafu mbili, moja juu ya nyingine. Nikalaza joto la tangi la nne na la tano, kwa mchezo tu. Mstari mmoja! Si kufanana — mmoja! Hata pale Preben, fundi wa matangi, alipofungua la nne kuchukua sampuli, joto likashuka kidogo, la tano nalo limeshuka. Na hakuna aliyeligusa. Sufuria mbili haziwezi kufurika povu lile lile.

Nikamfuata Preben huko kwenye matangi. Akacheka.

"Kipimajoto cha la tano kilikufa zamani, dada. Tukaazima waya wa la nne ili mstari usikatike. Ukikatika, Annelise anaitisha kikao, na unavijua vikao vyake!"

"Kwa hiyo joto la la tano hulijui?"

"Matangi pacha hayo, bwana. Itakuwa sawa."

Itakuwa sawa! Neno hilo litatuzika Wadenmaki wote. Chachu ikipata joto kupita kiasi, dawa inaharibika, na vipimo vya mwisho havikamati kila kitu. Ndiyo maana joto hupimwa. Na dawa hii inaingia kwenye mshipa wa mtoto. Mkate wangu wa mchana nimeurudisha nyumbani vilevile.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwambia Annelise. Alinisikiliza vizuri sana, kichwa upande, sauti ya pamba. Tujadiliane wote, akasema. Tukakaa, mishumaa mezani, kahawa. Kwetu hapa hakuna anayeamuru — watu hukubaliana. Wakakubaliana kwamba nimechoka! Mmoja akasema grafu mbili kufanana ni jambo la kawaida, mwingine akaniuliza kama nalala vizuri. Preben alikuwa akitazama kikombe chake. Nikasema sitii sahihi. Annelise akanishika bega: hakuna anayekulazimisha, mpenzi.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi kila mtu ananichekea kwenye korido. "Asante mapema, Dorthe!" "Usisahau krimu!" Kumbe jana jioni barua pepe ilitoka kwenye anwani yangu kwenda kwa wote: Ijumaa naleta keki. Utani wetu wa siku zote — ukiacha kompyuta wazi, wenzako wanaahidi keki kwa jina lako, na ikishaahidiwa unaleta. Ni kweli niliiacha. Preben aliniambia nikaangalie ule waya, nikatoka mbio. Nikacheka na wenzangu.

Halafu kicheko kikaniishia. Nikafungua data za tangi la tano. Zimetiwa sahihi. Jina langu! "Zimekaguliwa, ziko sawa." Dakika chache tu baada ya barua ya keki.

Nikaenda kwa Annelise. Siyo mimi, nikasema, mtu aliingia kwenye kompyuta yangu.

"Ndiyo, aliingia kuandika keki," akatabasamu. "Lakini jina ni lako, mpenzi."

Kuifuta siwezi bila idhini yake. Nimemwandikia kuiomba. Hajajibu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeleta keki. Ya tufaha. Nisingeileta wangesema nimenuna, na aliyenuna hapa hasikilizwi. Wamekula, wameisifu. Annelise kaomba kipande cha pili.

Preben hakula. Kanivuta kando, karibu na masinki.

"Ya keki niliandika mimi, Dorthe. Keki tu, nakuapia! Nilipokuwa natoka, Annelise aliingia akakaa kwenye kiti chako."

"Njoo uliseme hilo mbele ya watu."

"Nina watoto wawili, dada. Usinitie humo." Akaenda zake.

Lori lipo getini, nyuma liko wazi. Wanapakia makasha ya baridi.

Nimejifungia chumba kidogo cha mikutano, nimepiga simu famasi ya hospitali. Nimewekwa kwenye foleni, muziki wa kinanda. Naandika huku nasubiri. Nikiwaambia wasiipokee, wataniuliza mbona niliipitisha. Nitasemaje? Keki?

Ukuta ni wa kioo. Annelise ameniona. Ameweka sahani chini, anafuta vidole kwa kitambaa, taratibu.

Muziki umekatika. Mwanamke amepokea. Nimemtajia tangi la tano. Anasema hati zake zimeshafika, anazo mbele yake, zimetiwa sahihi. Anauliza, wewe ni nani?

Lori limewashwa. Annelise amefungua mlango, anatabasamu, ananyoosha mkono nimpe simu —