Picha Isiyotakiwa Kuisha

Muleba, 1991

Shangazi Kokuhirwa, shikamoo.

Nipo kwenye kompyuta ya misheni. Inachora kwa hesabu matawi yanayozaa matawi. Ukiongeza marudio, picha inakuwa safi ila inachelewa.

Shangazi, nimeshtuka! Baba Mdogo Aroni amenifuata twende kikao cha ukoo. Leo anamrithi Mama! Daktari Mzungu aliposema Baba kafa kwa UKIMWI na Mama anao, mimi ndiye niliyemfasiria Mama. Baba Mdogo hajui. Mama kakubali, anaogopa kufukuzwa kibanjani, kwenye migomba yetu.

"Malizia picha yako, mwanangu, nangoja," Baba Mdogo kaniambia.

Kumwambia naona haya. Panda gari la dereva huyu anayekuletea barua, uje umwambie wewe. Nimeweka marudio ya juu kabisa, naye Baba Mdogo kakaa hapa anaisifu picha.

Mwanao,
Nathanieli