Tangi ya Cimpunda

Muhumba, Bukavu

Yaya Nyota,

Samaki ndakala ulizotuma toka Uvira zimefika, na Maman amegawia majirani karibu zote. Kikohozi chake kimepona.

Umeuliza kazi yangu ya kupima maji mu labo. Haiko tena. Watoto wa Cimpunda walikuwa wanakufa na kolera, na kila mutu alisema inatoka mu ziwa. Mimi nilipima maji ya tangi wanayochota, nikakuta kolera imo. Tangi ni ya mukubwa mumoja. Chef wangu akaniambia, «Nafisa, andika ziwa.» Nikamujibu, «Docteur, mimi nimeona tangi.» Akanifukuza palepale.

Nikaenda Cimpunda, nikasimama kwenye robine ya tangi, pale wanapochota maji, nikawaeleza wamama nilichoona. Mumoja aliyekuwa ametoka kuzika mutoto wake akafunga robine, akakaa mbele yake juu ya bidon yake ya maji. Wengine wakakaa naye, na mimi pia. Mwenye tangi akaja na walinzi, akatutukana. Niliogopa, Yaya, lakini sikuinuka. Hakuna aliyeinuka mpaka mwenyewe alipoleta mafundi kusafisha tangi na kuziba bomba lililokuwa linaingiza maji machafu. Tangu hapo, mutaa ule haujazika mutoto kwa kolera.

Kwa hiyo umwambie tonton wetu Yunus asinitafutie nafasi dukani kwake. Rafiki niliyesoma naye amenipa meza na mikroskopi mu labo yake ndogo. Kesho napima tangi ingine ya mukubwa yule.

Mudogo wako,
Nafisa